Zawadi za kazi za mkono Mji Mkongwe, Zanzibar: niliponunua na nilipopita tu

Ukitoka Forodhani ukakata mtaa wa Gizenga, vitu vya kuuzwa vinakupokea kushoto na kulia. Picha zimetundikwa mpaka usawa wa madirisha ya juu, vinyago vimepangwa barazani, kuna shanga, vikuku, makobazi, vijiko vya vifuu na paketi za viungo zilizofungwa kwenye vikapu vidogo. Vingi ni vizuri. Vya kisiwani khasa ni vichache, na mimi nilikuwa natafuta cha kisiwani. Kaka yangu anaoa Mwanza, na sisi wa kuumeni hatuwezi kuingia kwa wakwe mikono mitupu. Pesa za zawadi nimekabidhiwa mimi kwa sababu nimekulia kwenye miyaa, majani ya kusukia mikeka: kwetu Micheweni, Pemba, mama anasuka, shangazi zangu wanasuka, na bibi alisuka mpaka macho yalipomchoka. Ukinipa mkeka gizani nitakwambia kama aliyesuka alikuwa na haraka.

Nianze na Gizenga yenyewe. Wauzaji wana adabu, hawakukamati mkono, na ukisema hapana wanakuachia njia. Bei ya kwanza ni ya mgeni. Mimi nikiwa na buibui langu ilishuka kabla sijafungua mdomo, na hilo halinifurahishi, maana kinyago ni kilekile na mchongaji ni yuleyule. Picha za Tingatinga ndizo nyingi zaidi. Sanaa hiyo haikuanzia hapa. Aliyeianzisha ni Edward Said Tingatinga, mtu wa upande wa Tunduru, akiwa Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao nyembamba za dari. Yeye alifariki mwaka 1972, lakini jamaa na wanafunzi wake waliiendeleza mpaka ikavuka bahari. Kwa hiyo mtu asikuuzie kwa kusema ni sanaa ya kale ya Unguja. Ukitaka picha, nunua kwa kijana uliyemkuta na brashi mkononi, umwombe aandike jina lake mbele yako. Wapo kadhaa wanaochora palepale mlangoni, na kazi zao zina uhai kuliko zile ambazo chui mmoja unamkuta maduka matano, na madoadoa yake yote yamekaa mahali pamoja.

Vinyago vya Kimakonde navyo asili yake ni kusini, Mtwara na ng'ambo ya Ruvuma. Mpingo wa kweli ni mzito, ukiutia majini unazama, na mafundi wengi huacha mahali fulani ukanda wa mti wa nje ambao ni mweupe unaoelekea manjano. Vipo vingine vya mti mwepesi vilivyosuguliwa rangi ya viatu. Nenda na kitambaa kibichi, sugua kwenye kitako cha kinyago, utajua. Sikununua, kwa kuwa wakwe zetu ni watu wa bara na vinyago si vigeni kwao.

Ngome Kongwe nilipita kwa ajili ya kivuli. Waomani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, na leo ndani ya uwanja wake kuna vibanda vya sanaa. Pametulia, unashika kitu, unakigeuza, unakirudisha, hakuna anayekuharakisha. Bidhaa nyingi ni zilezile za Gizenga, tena kwa bei ya juu kidogo. Naipendekeza kwa mtu anayetaka kuzoesha macho kabla ya kutoa pesa. Asiende tu Februari wakati wa Sauti za Busara, uwanja unajaa watu na hakuna nafasi ya kuzungumza bei.

Sasa kofia, maana hapa ndipo watu wanapopunjwa. Duka moja kwenye njia ya wageni waliniletea kofia nyeupe iliyodariziwa kahawia, wakasema imeshonwa kwa mkono, Sh 90,000. Niliigeuza ndani nje. Nyuzi zilikuwa zinakimbia kutoka ua moja kwenda jingine bila kukatwa, na matundu yote yalikuwa na ukubwa mmoja, hata moja halikukosea.

"Mwanangu, hii ya mashine," nikamwambia kijana.

"Mama, mimi ndivyo nilivyoambiwa na mwenye duka."

Simlaumu yeye. Namlaumu aliyemfundisha kusema hivyo, kwa sababu mwanamke aliyekaa na kofia yake wiki kadhaa, pengine miezi, akishona tundu baada ya tundu baina ya kupika na kulala, anakuja kuambiwa na wanunuzi kwamba bei yake ni kubwa mno. Kazi ya mashine imeshavaa jina la kazi yake.

Kofia nimeinunua upande wa Darajani, kwa mzee mwenye kabati la kioo na kiti kimoja. Hakuita mtu. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza kofia ya nani.

"Ya baba wa bibi harusi, mzee wangu."

"Basi usimchukulie ya rangi nyingi. Kipimo unacho?"

Nilikuwa nacho, uzi uliofungwa fundo ambao kaka aliupata kwa siri kupitia kwa shemeji. Akaulaza juu ya futi yake ya mbao, akaniwekea kofia nne. Tatu zilikuwa nzuri. Ya nne, nyeupe kwa uzi mweupe, ilikuwa na matundu yanayopitisha mwanga kabisa, na ukitizama kwa karibu unaona tundu moja limeelekea kushoto kidogo na jingine uzi wake umebanwa zaidi. Alitaja Sh 150,000. Nilitoa Sh 130,000 na nikaondoka nimeridhika. Akanieleza pia namna ya kuifua: maji baridi, sabuni kidogo, isikamuliwe, ivishwe kwenye bakuli la saizi ya kichwa mpaka ikauke. Duka la namna hii nalipa alama zote.

Kanga nilikwenda Mchangani, na hapo sina maneno mengi. Nyingi siku hizi zinachapwa India, lakini harusi bila doti za kanga haiwi. Chagua kwa kusoma. Mkwe hapelekewi kanga ya mafumbo. Nilichukua zilizoandikwa "Wema hauozi", mji wake ni wa rangi ya zambarau, pindo limekaa sawasawa, na kitambaa si chepesi. Muuzaji alinifungulia kila doti bila kununa.

Nije kwenye ukili, ule ukanda wa kusuka unaoshonwa ukawa mkeka, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Upande wa Hurumzi kuna duka dogo la kikundi cha akina mama, limeingia ndani kidogo ya uchochoro. Kila kitu kina kikaratasi chenye jina la aliyesuka na kijiji chake. Nilisoma majina ya Pemba na ya Makunduchi, na nikakaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mteja wa kawaida anaona mkeka umekwisha kushonwa, hajui ulikotoka. Ukindu, jani la mti wa mkindu, unakatwa ungali mchanga, kabla jani halijafunguka. Unaanikwa juani mpaka unakuwa mweupe, unachanwa chane nyembamba, nyingine zinatiwa kwenye sufuria ya rangi na kuchemshwa. Ndipo mtu anaanza kusuka ukili, ukanda mmoja mrefu usiokatika, anauzungusha kama kamba kubwa kando ya mguu wake siku baada ya siku. Ukitosha ndio unashonwa ubavu kwa ubavu, na nakshi lazima zikutane. Zisipokutana, kazi yote ya nyuma imepungua thamani.

Kwa hiyo kwanza tizama mishono. Kwenye mkeka mzuri unapitisha kiganja bila kuhisi mahali ubavu mmoja wa ukili ulipokwisha na mwingine ulipoanza. Geuza nyuma, ncha za chane zimefichwa au zimeachwa zinachoma? Lowesha kidole usugue rangi nyekundu, hiyo ndiyo hutoka kwanza. Nusa pia. Ukindu mpya una harufu ya majani makavu, ukinusa uvundo ujue ulikunjwa ukiwa na maji na ndani kuna ukungu. Miyaa ya mkoma ni migumu na mipana zaidi, inafaa vikapu na majamvi. Kwa msala wa kusalia, ambao paji la uso litaugusa, chukua ukindu.

Misala miwili niliyoichukua kwa ajili ya bibi na mama wa bibi harusi ilikuwa Sh 25,000 kila mmoja. Sikupunguziwa na sikuomba. Vipepeo vya kujipepea nilichukua sita kwa Sh 3,000 kimoja. Makawa yalikuwa mazuri lakini madogo, ya kufunikia mkate wa kumimina au bakuli la mchuzi. La sinia hawakuwa nalo, ikabidi nimpigie mama simu ashone yeye na kulipakia kwenye boti ya Wete. Nina malalamiko mawili kwa duka hili, na nimeyasema palepale. Mikoba waliyotengeneza kwa ajili ya wageni, yenye mikanda ya ngozi, bitana yake imegundishwa kwa gundi, haikushonwa. Joto la hapa litaifungua. Na la pili, wanafungua wakichelewa: saa nne asubuhi nilikuta komeo, na nilikuwa na wenzangu wawili mlangoni waliokata tamaa wakaondoka. Pesa ya msukaji wa Konde, kule Pemba, iliondoka pamoja nao.

Masanduku ya njumu, yaliyopambwa kwa shaba, nilifikiria sana. Yale ya kale mengi yaliletwa kutoka Bara Hindi, na mafundi wetu wakayachonga ya kwao, yakawa ndiyo ya biharusi kuwekea nguo na dhahabu. Leo yanatengenezwa madogo ya kubeba mkononi. Nenda na kipande cha sumaku: shaba haishikwi na sumaku, ikinasa ujue ni bati lililopakwa rangi. Fungua kifuniko uone bawaba, vuta droo ndogo za ndani, na uliza mti gani. Sanduku jipya la mwembe lililosuguliwa mafuta meusi linaweza kuonekana la zamani, basi lipa bei ya sanduku jipya. Nilichukua moja la msaji kwa fundi aliyekuwa analipiga misumari wakati tunazungumza, Sh 95,000, kwa ajili ya bibi harusi mwenyewe.

Kitu ambacho sinunui na naomba wenzangu msinunue ni chochote cha ng'amba, bangili, kitana au gamba zima. Kasa hao wamebaki wachache, biashara yao imekatazwa kimataifa, na mkaguzi wa uwanja wa ndege atakunyang'anya mbele ya watu. Makombe makubwa ya baharini na matumbawe yaliyosafishwa nayo yaacheni. Kama unataka zawadi ya pwani, sabuni za mwani zinazotengenezwa na akina mama wa Paje na jirani zake zinapatikana mjini, zina harufu nzuri ya karafuu, na mwani wenyewe wameulima kwa mikono yao.

Mambo ya njiani. Ijumaa maduka mengi yanafungwa wakati wa sala, usipange kuanza saa sita. Mkeka usiukunje hata mara moja, uviringishe, uufunge kwa kanga na uuvushe ukiusimamisha pembeni, maana ukilazwa chini ya mizigo ya boti ukili unavunjika. Kofia isafiri ndani ya kopo. Anayetaka mkeka mpana wa kulalia wenye nakshi au majina ya maharusi asiutafute dukani, auagize kwa kikundi mapema. Mimi niliambiwa nisubiri mwezi na zaidi, na nusu ya pesa nilitoa siku ileile ili msukaji anunue ukindu na rangi.