George Saunders: anza na kitabu chake cha uchambuzi ndo uende kwenye stori zake

Wapenzi wa stori fupi, kama hamjamsoma huyu mwandishi wa Marekani naomba mumpe nafasi, ila msianze na riwaya yake, Lincoln in the Bardo, eti kwa sababu kilichukua tuzo ya Booker 2017. Anzeni na A Swim in a Pond in the Rain cha 2021. Humo amechukua stori saba za Warusi, tatu za Chekhov, mbili za Tolstoy, moja ya Turgenev na moja ya Gogol, anazichambua vilevile anavyowafundisha wanafunzi wake pale chuo cha Syracuse.

Stori ya kwanza ni ya mwalimu wa kijijini, dada mpweke anarudi na gari la farasi kutoka mjini alikoenda kuchukua mshahara. Saunders anakupa ukurasa mmoja tu halafu anakusimamisha, anakuuliza mpaka hapa umejua nini, unataka kujua nini, unadhani tunaelekea wapi, ukishajibu ndo anakupa ukurasa mwingine. Mwanzoni inakera kidogo kwa sababu unataka kuendelea, lakini ukifika mwisho unamjua yule mwalimu kama jirani yako. Kwenye ile ya Tolstoy, tajiri na mtumishi wake waliopotea kwenye theluji, nilisoma uchambuzi wake nikarudi kuisoma stori upya usiku uleule. Sehemu ya Gogol, ile ya pua iliyomtoroka mwenyewe, nimeona imerefuka mno.

Sasa ukitoka hapo nenda Pastoralia ya 2000, mkusanyiko wa stori zake mwenyewe. Kwenye stori yenye jina hilohilo kuna jamaa ameajiriwa kwenye bustani ya maonyesho, kazi yake ni kukaa pangoni akiigiza mtu wa kale, haruhusiwi kuongea Kiingereza mbele ya watalii, anasubiri mbuzi wa kuchoma, na kila siku lazima ajaze fomu ya tathmini ya mwenzake aifaksi kwa mabosi. Mwenzake anavunja masharti na yeye anaendelea kuandika kila kitu kiko sawa, huku nyumbani ana mtoto mgonjwa na anahitaji hiyo kazi. Ukiisikia juujuu unaona vituko tu, yaani mpango mzima wa ajabu, ila mimi nilibanwa kifua maana yeyote aliyewahi kuombwa na bosi amchongee mwenzake anaijua hiyo hali.

Na nadhani inatokana na maisha yake, huyu alisomea uhandisi wa jiofizikia Colorado akamaliza 1981, akafanya kazi ya kutafuta mafuta Sumatra huko Indonesia, baadaye akawa anaandika ripoti za kiufundi kwenye kampuni huko Rochester huku anaandika stori zake. Ofisi anazijua kwa ndani. Ndo maana hawacheki watu wake, anawahurumia.

Sifa zote hizo sawa ila zile bustani za maonyesho anazirudia sana, ukisoma CivilWarLand in Bad Decline ya 1996 mfululizo na Pastoralia utachoka, weka kitabu cha mtu mwingine katikati. Liberation Day ya 2022 ina stori nzuri mbili tatu, nyingine zilinipita.

Lincoln in the Bardo kiachie mwisho na ukiweza kisikilize kwa sauti, toleo la sauti limesomwa na watu 166, mizimu ya makaburini inapokezana kusimulia usiku baada ya mtoto wa rais Lincoln, Willie, kuzikwa 1862. Kwenye karatasi kurasa za mwanzo zinachanganya, hujui nani anaongea, ila kwa sauti unawatambua mapema.