Mlazo mnene: Georgia au Times New Roman?

Ukitaka herufi nene za mlazo (italiki) zenye vikia kwenye ncha, fonti hizi mbili huenda tayari zimo kwenye kompyuta yako. Times New Roman ilianza kutumika katika gazeti la The Times la London mwaka 1932. Safu za gazeti ni nyembamba, ndiyo maana herufi zake zimebanwa. Hapo ndipo inaposhinda: kichwa kirefu huenea kwenye mstari mmoja, wakati Georgia ya ukubwa uleule huhitaji nafasi zaidi. Karatasini Times inapendeza, lakini kwenye skrini, ikiwa ndogo, matundu ya a na e huanza kuzibika.

Georgia ilichorwa na Matthew Carter kwa ajili ya skrini, ikatolewa na Microsoft mwaka 1996. Herufi zake ndogo zina kimo, matundu yako wazi. Kasoro ni tarakimu: 3, 4, 5, 7 na 9 hushuka chini ya mstari, hivyo bei kwenye bango huonekana zinayumba. Bei ziandike kwa Times.

Hakikisha faili la mlazo mnene limesakinishwa, la sivyo programu huinamisha tu herufi zilizosimama. Itazame a: ya mlazo halisi ina tumbo tu, haina paa juu yake.