Prado ya petroli 2.7 kutoka Japan: uzoefu wangu Malindi

Madereva wenzangu hawachoki kuniuliza: "Prado ya petroli ya nini wewe?" Hapa Malindi ukitaja Toyota Prado mtu anafikiria dizeli, ile ya injini ya lita 3.0 inayonguruma nje ya mahoteli. Yangu ni ya 2013, mkono wa pili kutoka Japan, silinda nne, 2.7, petroli. Nabebea wageni: uwanja wa ndege, Watamu, Marafa, na Tsavo kwa lango la Sala. Tumezoeana sasa, naweza kuisema kwa uzuri na kwa ubaya.

Nianze na swali lao. Prado ya umbo hili ilipoingia sokoni Japan mwaka 2009 haikuwa na dizeli kabisa. Mjapani alichagua 2.7 au 4.0, zote petroli. Wakati huohuo, ukienda kununua mpya Nairobi au Mombasa, unakuta dizeli ya 3.0. Kampuni moja, bodi moja, injini mbali mbali.

Mambo yalianzia Tokyo. Mwaka 1999 gavana wa huko, Shintaro Ishihara, alitangaza vita na moshi wa dizeli, akawa anatikisa chupa ya plastiki yenye masizi mbele ya waandishi wa habari. Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani ikapiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango. Magari madogo hayakuguswa na amri hiyo, ila kulikuwa na sheria ya taifa iliyobana usajili wa dizeli chafu kwenye miji mikubwa, na jina lenyewe la dizeli lilishachafuka. Nani tena angenunua? Prado ya dizeli ilirudi Japan Juni 2015, na injini mpya ya 2.8.

Sisi tunaingiza magari yasiyozidi miaka minane. Kwa hiyo alichokitaka Mjapani miaka saba au minane nyuma, ndicho tunachoendesha sisi leo. Hakuna aliyekaa ofisini akawaza mchanga wa Marafa.

Barabarani sasa. Injini yangu ni ya nguvu za farasi 163 na nguvu ya kuvuta 246 Nm. Dizeli ya 3.0 ina 410. Mjini hutaona tofauti, pengine utaipenda zaidi yangu kwa ukimya wake. Mgeni anazungumza na simu kiti cha nyuma na hana haja ya kupaza sauti. Ukivuka daraja la Sabaki kuelekea Gongoni ndipo utaujua ukweli. Kule kuna malori ya chumvi, na lori likishiba chumvi haliendi. Unatoka upande wako kulipita, unakanyaga mafuta, gari linafikiria kwanza, kisha linashuka gia kwa kishindo (gia zake ni nne tu), injini inalia, spidi inapanda kwa hesabu. Nikiwa na watu saba na AC imewashwa, nasubiri mpaka nione mbele peupe kabisa. Shemeji yangu ana ile dizeli, yeye anapita akiwa anaongea.

Mafuta inakunywa. Mjini napata kilomita saba kwa lita, njia kuu tisa nikiwa mpole. Mtu wa safari za Garsen na Lamu kila wiki ataumia.

Mbona sikuchukua 2.8 ya dizeli ya Japan basi? Mambo mawili. La kwanza ni ushuru. Kenya inatoza ushuru wa bidhaa asilimia 35 kwa dizeli inayozidi sisi 2500 (cc, yaani lita 2.5), lakini petroli haifiki hapo mpaka izidi 3000. Yangu ya 2.7 inaangukia kwenye asilimia 25. Serikali yetu nayo imechagua injini bila kujua, kama ile ya Tokyo. Mteja wangu mmoja, Mtaliano mkaazi wa Casuarina, aliposikia hivyo alicheka sana. Kwao zamani VAT ilikuwa inaruka mpaka asilimia 38 gari likizidi sisi 2000, na Ferrari mwaka 1980 ikatoa 208 GTB yenye injini ya V8 (silinda nane) ya sisi 1991, kwa ajili ya kukimbia kodi tu. Ferrari nzima! Sijui nani aliinunua akafurahi.

La pili ni moshi. Dizeli ya kisasa ya Japan ina filta ya masizi, na hiyo ya 2.8 ina pia tangi la maji ya urea, ya kusafisha moshi. Imetengenezewa dizeli yenye salfa sehemu 10 kwa milioni. Sisi tulishuka hadi 50 mwaka 2015. Rafiki yangu ana dizeli ya Japan ya kampuni nyingine, anazunguka mjini tu, Shella kwenda sokoni na kurudi. Filta haipati joto la kuchoma masizi yake. Taa ya njano ikawaka, gari likakosa nguvu, akaja kwa fundi wangu. Fundi akafungua, akamwonyesha kidole cheusi mpaka kwenye kiganja. "Ami, gari hili linataka safari ndefu," akamwambia. "Lipeleke Mombasa." Petroli yangu haina habari ya hayo. Nalijaza pampu yoyote, na plagi zake kila fundi anazijua.

Kwa wa mjini, Watamu na safari za porini za mara moja moja, naipa nane kwa kumi. Kwa mizigo mizito au njia ndefu, sita, tafuta 3.0 iliyouzwa mpya hapa hapa Kenya.

Ukienda yadi usiamini maneno ya muuzaji, wala stika ya nyuma. Soma nambari ya chesisi: TRJ150 ni petroli 2.7, KDJ150 ni dizeli 3.0, GDJ150 ni dizeli 2.8. Na ukiangukia TRJ, uliza mwezi wa kutengenezwa. Kuanzia Juni 2015 iliwekewa gia sita, na hiyo ndiyo ninayoitafuta mimi sasa. Mwenye nayo anijulishe, yangu naiuza.