Uanagenzi katika usimamizi wa hospitali Lamu: uzoefu wangu

Mimi ni mwanafunzi wa sera za umma, na uanagenzi wangu niliufanya katika ofisi ya usimamizi ya hospitali moja ya umma kisiwani Lamu. Nasema mapema kwamba kazi yenyewe ilikuwa bora kuliko mpangilio wake. Posho haikuwapo, nauli ya boti na kodi ya chumba nilijitafutia, na mhadhiri aliyepaswa kunikagua aliishia kupiga simu. Majuma ya mwanzo nilipanga mafaili tu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameamua nikae dawati gani.

Mambo yalibadilika nilipopelekwa kwenye kumbukumbu za afya. Kila mwezi vituo hujaza fomu za Wizara ya Afya, kama vile MOH 705A ya wagonjwa wa nje walio chini ya miaka 5 na 705B ya waliozidi umri huo, kisha takwimu huingizwa katika mfumo wa kitaifa wa KHIS. Darasani tuliambiwa kwamba takwimu zikichelewa ni udhaifu wa uwajibikaji. Hapo nilipokea bahasha yenye madoa ya maji ya chumvi, iliyoletwa na nahodha kutoka zahanati ya kisiwa cha mbali, ambako muuguzi anayetibu ndiye huyo huyo anayetoa dawa na kuhesabu wagonjwa kwa kuchora vijiti vinne na cha tano cha kuvikata. Safari ya boti hutegemea bahari, na bahari haijui tarehe ya mwisho ya ripoti.

Lakini lililonifunza zaidi ni dawati la bima. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii nchini Kenya, imechukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, ilhali asiye na ajira rasmi hupimwa uwezo wa kaya yake kwa maswali, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Maswali hayo hugusa hata ukuta na paa la nyumba. Sasa, katika mji wa kale wa Lamu mtu aweza kuwa anaishi katika nyumba ya mawe aliyorithi kwa babu zake na jioni hana cha kuinjika mekoni. (Aliyetunga maswali hayo, nadhani, hajapita Mkomani, mtaa wa nyumba hizo za mawe.) Mzee mmoja mvuvi, aliyeleta mkewe kulazwa, alijisajili vizuri lakini hakuwa amelipa, akaniuliza, "Mwanangu, kusi ikishika chombo hakitoki, huo mwaka mzima nitaulipa kwa pesa gani?" Sikuwa na jibu, na karani aliyekuwa kando yangu, ambaye swali hilo amelisikia mara nyingi, alimwelekeza kwa taratibu na heshima kwa afisa wa ustawi wa jamii ili aombewe msamaha wa ada.

Ripoti yangu ya chuo niliiandika juu ya jambo hilo: mchango ulipwe kwa awamu zinazofuata msimu wa kaskazi, wakati wavuvi wana pesa.

Anayetaka nafasi hii aitafute, ila barua yake ya maombi itaje wazi dawati la bima au la kumbukumbu, na aombe apangiwe msimamizi kabla hajafunga safari ya kuja Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Lamu.