Uzoefu wangu na seti ya kuunganisha ya Buccaneer S.2B ya Vita vya Ghuba (kipimo 1/72)

Ukinunua seti hii kwa ajili ya picha iliyo juu ya boksi, yaani ile Buccaneer ya rangi ya mchanga iliyopigana Iraq mwaka 1991, jua mapema kwamba kuunganisha plastiki ni sehemu ndogo ya kazi. Kiwiliwili kinakaa, mabawa yanakaa, na vipande vingi vinafungana bila ugomvi. Kinachoamua kama umeunda ndege ya vita ile, au Buccaneer nyingine tu iliyopakwa rangi ya mchanga, ni mzigo unaoning'inia chini ya mabawa na jinsi rangi ilivyochakaa. Kwa hayo mawili karatasi ya maelekezo haisaidii vya kutosha. Jina la kiwanda naliacha, kwa kuwa mengi ya haya yatakukuta kwa seti yoyote ya ndege hii.

Kwanza elewa kwa nini ilikwenda kule, maana mzigo wote unatokana na hapo. Buccaneer iliruka mara ya kwanza mwaka 1958, ikatengenezwa kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza kushambulia meli kwa kuruka chini sana juu ya bahari. Januari 1991, baada ya wiki ya kwanza ya vita, Tornado GR.1, ndege za mashambulizi za Uingereza, ziliacha kushambulia viwanja vya ndege kwa kuruka chini na kuanza kudondosha mabomu kutoka juu. Kutoka juu, bomu la kawaida halipigi daraja kwa uhakika. Yalihitajika mabomu yanayoongozwa kwa leza, na wakati huo Tornado hazikuwa na podi ya leza (chombo kinachotundikwa chini ya ndege) iliyo tayari kwa kazi. Podi mpya za TIALD zilikuwa bado chache na za majaribio. Buccaneer ilikuwa nayo podi ya Pave Spike, ya zamani, inayofanya kazi mchana tu, lakini inayofanya kazi. Ndege 12 zikapakwa rangi upesi na kutumwa kutoka Lossiemouth, Scotland, hadi Muharraq, Bahrain. Za kwanza ziliondoka tarehe 26 Januari na kazi ya kwanza ikafanyika tarehe 2 Februari. Kwa kawaida Buccaneer mbili zilisindikiza Tornado nne: Tornado inadondosha bomu, naye nevigeta wa Buccaneer, akitazama skrini ndogo mbele yake, anashikilia alama ya leza juu ya shabaha mpaka bomu lifike.

Kwa hiyo podi ndiyo moyo wa mfano huu, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Mzigo wa Buccaneer ya Ghuba haulingani kushoto na kulia. Mabawa yana vishikizo vinne vya kutundikia mizigo. Ukikaa kama rubani, kishikizo cha ndani cha kushoto kinabeba Pave Spike, na cha nje cha kushoto kombora la Sidewinder la kujilinda. Cha nje cha kulia kinabeba ALQ-101, podi ndefu ya kuvuruga rada, yenye tumbo la ziada linalokwenda kwa urefu chini yake. Kinachobadilika ni cha ndani cha kulia, na hicho ukifuate kwa picha ya ndege uliyoichagua na tarehe yake. Buccaneer zilianza kudondosha mabomu yao zenyewe baadaye, kuanzia tarehe 21 Februari, kwa hiyo ukiunda ndege ya siku za mwanzo usitundike bomu la leza kwa sababu tu limo ndani ya boksi.

Mchoro wa maelekezo unaonyesha ndege kutoka chini, kwa hiyo kushoto kwenye karatasi si kushoto kwa rubani. Ukiufuata ukiwa umeishika ndege wima, unageuza mzigo wote. Mimi naandika kwa penseli herufi K (kushoto) au L (kulia) ndani ya kila bawa kabla ya kuziba vipande vya juu na chini, kisha natoboa matundu ya vishikizo kutoka ndani kwa sindano ya kutobolea ya milimita 0.8. Hakikisha matundu yote manane yametoboka kabla hujatia gundi. Bawa likishafungwa utakuwa unakisia kutoka nje, na kishikizo kilichopinda hata nyuzi tatu kinaonekana ukitazama ndege kwa mbele.

Makombora ya kupigia meli, Martel na Sea Eagle, yabaki kwenye boksi. Ni mazuri kuyatazama lakini hayahusiki jangwani.

Jambo la pili ni mlango wa chumba cha mabomu. Katika Buccaneer mlango huo haufunguki kwenda chini. Unazunguka wenyewe pamoja na mabomu yaliyofungwa upande wake wa ndani. S.2B ya RAF, yaani jeshi la anga la Uingereza, ina mlango wenye tangi la mafuta ndani yake, kwa hiyo tumbo linavimba kwa nje. Seti hii inakupa mlango bapa pia, ambao ni wa ndege za majini. Chukua ule uliovimba na uufunge. Ukingo wake wa mbele unaacha hatua ndogo kwenye kiwiliwili. Usiitie puti kabla ya kujaribu kusugua, maana mara nyingi tatizo ni kijibanzi cha plastiki kilichobaki ndani ya mfereji wa kukalia. Kikwangue kwa kisu cha wembe, jaribu bila gundi, rudia.

Kwa kuunganisha, navunja mpangilio wa karatasi mahali pawili. Matundu ya kuvutia hewa ya injini napaka rangi ya ndani na kuyasugua kabla ya kuyaingiza, kwa kuwa mshono wake uko ndani ya bomba na baadaye kidole hakifiki. Namwaga rangi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo, nazungusha bomba mpaka lipakike lote, nainamisha juu ya karatasi ya jikoni itiririke. Mara mbili inatosha. Na breki ya hewa ya mkiani, zile kope mbili zinazofunguka pembeni, naiacha mpaka mwisho. Ndege hii ikiegeshwa mara nyingi breki huwa wazi, na mfano unapendeza zaidi hivyo, ila kope zikiwa zimeshabandikwa utazigonga kila unapogeuza mkia.

Mabawa yanaweza kukunjwa. Sishauri kwa mtu anayeunda Buccaneer kwa mara ya kwanza. Kiungo cha kukunjia katika kipimo hiki kina eneo dogo la gundi, na kama unataka bawa lililonyooka kutoka vipande vilivyotengenezwa kukunjwa, utapata ngazi juu ya uso wa bawa. Ukilazimika, linganisha uso wa juu kwanza, kosa lote lisukume chini ambako puti haitaonekana sana. Mfano ukimalizika una urefu wa karibu sentimita 27 na upana wa sentimita 18 na nusu, kwa hiyo pima rafu yako kabla ya kuamua kuhusu mabawa.

Uzito wa pua: usikisie. Shikanisha kiwiliwili, mabawa na mkia kwa tepu, weka vidole viwili mahali pa magurudumu makuu, kisha ongeza vyuma vidogo vya kuvulia samaki puani mpaka ielemee mbele. Mimi niliweka gramu 10 nyuma ya ukuta wa mbele wa chumba cha rubani, na inasimama hata breki ya hewa ikiwa wazi. Vyuma vishikwe kwa gundi isiyokuwa na tina, la sivyo plastiki ya pua italainika na kubonyea siku chache baadaye.

Sasa rangi. Waingereza walipaka ndege hizi rangi ya muda iliyoitwa ARTF, inayotoka kwa kuoshwa na dawa ya alkali. Ilipakwa mwili mzima, juu na chini, juu ya rangi za zamani za kijani iliyokolea na kijivu cha bahari. Watu wameizoea kuiita waridi, na kwa sababu hiyo mifano mingi inatoka ya waridi kama ya kuchezea watoto. Ukitazama picha za wakati ule kwenye jua la Bahrain, ni mchanga wenye wekundu kidogo tu. Rangi ya kopo ya Humbrol 250 inafika karibu moja kwa moja. Kwa akriliki ya maji nachanganya matone 10 ya rangi ya mchanga, matone 2 ya nyeupe na tone 1 la kahawia nyekundu, kisha najaribu nyuma ya kijiko cha plastiki na kusubiri ikauke, kwa kuwa ikikauka inakolea.

Usiipake nzito. ARTF ilikuwa nyembamba, ikachubuka upesi, na kijani na kijivu vya chini vikaanza kuchungulia. Njia inayonipa matokeo bora ni hii. Andakoti ya kijivu, ikauke usiku kucha. Juu yake kijani na kijivu, lakini kwenye kingo za mbele za mabawa, midomo ya matundu ya hewa, mrija wa kupokelea mafuta puani na pale wanajeshi wanapopandia tu. Hakuna haja ya kupaka ndege nzima rangi itakayofunikwa. Kisha spre ya nywele, mara mbili nyepesi, iache dakika 15. Kisha rangi ya mchanga, nyembamba, kwa bunduki ndogo ya kupulizia. Ndani ya saa moja lowesha sehemu ndogo kwa maji ya uvuguvugu na usugue kwa brashi fupi ngumu. Maji yanayeyusha spre chini, na rangi inatoka kwa vipande vidogo visivyo na mpangilio, kama inavyotoka rangi halisi.

Inapoharibika, sababu huwa moja kati ya tatu. Rangi imechanganywa na tina badala ya maji, ikashikana na tabaka la chini, haitoki. Au umesubiri hadi kesho yake. Au umelowesha bawa zima kwa pamoja, ikatoka kama ngozi ya nyoka. Acha mapema kuliko unavyotamani. Nyuma ya matundu ya kutolea moshi, ubavuni kuelekea mkiani, weka masizi kwa unga wa chaki nyeusi na kahawia, na chini ya tumbo michirizi myembamba ya mafuta kutoka kwenye maungio ya paneli kwenda nyuma. Buccaneer zilikuwa zinavuja, na tumbo safi halifanani nazo.

Kwa tulio Dar, Tanga au Mombasa, unyevu ni adui wa vanishi. Ukipuliza vanishi isiyong'aa jioni ya mvua, ukungu mweupe unabaki juu ya rangi na kazi ya wiki inaonekana kama imemwagiwa maziwa. Puliza saa za mchana kavu, kopo likiwa limekaa kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto, dakika chache. Na tina ya duka la vifaa vya ujenzi au ya mafundi magari isikaribie mfano huu. Inayeyusha plastiki ya aina hii. Hata puti ya magari iwe ile laini ya kumalizia, tabaka jembamba, na isuguliwe baada ya siku nzima kwa sababu inasinyaa. Rangi za mafuta ni ngumu kuagiza kwa posta ya ndege kwa kuwa zinawaka moto, kwa hiyo akriliki ya maji ndiyo njia rahisi kwetu.

Dekali, yaani alama za kubandika kwa maji, ni nzuri, nyembamba, na zinakaa vizuri juu ya vanishi inayong'aa. Juu ya rangi isiyong'aa hewa inabaki chini yake na ukingo unang'aa kama fedha. Hapa ndipo ndege hizi zinapopata sura zao. Kila moja ilichorwa upande wa pua majina ya wanawake, majina ya wiski za Scotland na bendera ya maharamia. XW547 iliandikwa Pauline na The Macallan. XX901 iliandikwa Kathryn na Glen Elgin. Nachagua mojawapo ya hizi mbili kwa sababu ndege zenyewe zimehifadhiwa, XW547 na RAF Museum na XX901 kwenye Yorkshire Air Museum, na picha zake za karibu zinapatikana kwa kila pembe. Angalia tu kwamba ndege ya makumbusho imeshaoshwa au kupakwa upya. Kwa uchakavu tumia picha za 1991, kwa maumbo tumia za makumbusho. Alama za mabomu zilizochorwa puani ziliongezeka kadiri vita ilivyoendelea, na lazima zikubaliane na mzigo uliotundika. Alama zote za mwisho wa vita juu ya ndege yenye mzigo wa siku ya kwanza ni kosa ambalo anayejua ataliona mara moja.

Kwa bei yake naipendekeza kwa mtu aliyekwisha kuunda ndege tatu nne na ana bunduki ya rangi. Kwa brashi peke yake rangi hii nyembamba haitoki vizuri, na mfano wote unaitegemea. Kioo kikubwa cha chumba cha rubani kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, si gundi kali, ambayo moshi wake huacha ukungu ndani. Podi na kombora zitundike mwisho kabisa, baada ya vanishi isiyong'aa kukauka, kisha gusa kioo cha mbele cha Pave Spike kwa tone moja la vanishi inayong'aa.