Kliniki ya viungo iliyonipima na moyo, nyota 4 kati ya 5

Nimeanza kuja hapa mwaka jana mwezi wa tatu, siku hiyo nashuka kwenye bajaji najishikilia kwa kiganja maana vidole vilikuwa havikunji kabisa. Mi ni fundi cherehani, nina miaka 52, mkasi ndo riziki yangu, na baridi yabisi ilishanifikisha mahali asubuhi nakaa kitandani saa nzima na nusu nasubiri mikono ilegee ndo nifunge vifungo vya gauni. Nasemea ile ya kinga ya mwili kujishambulia yenyewe, rumatoidi, sio ile ya magoti kusagika kwa umri. Naandika kwa ajili ya wenzangu wenye hii hii, kwa sababu kuna jambo nimelijua hapa ambalo miaka 6 ya kuzunguka na mafaili hakuna aliyeniambia.

Kabla ya kuja nlifanya chekapu ya mwili mzima sehemu nyingine, majibu yalivyotoka nikapewa hongera, mama mafuta yako mazuri sana, LDL yaani ile kolestro mbaya iko 2.2, moyo hauna shida nenda kapumzike. Siku hiyohiyo magoti yamevimba, ukigusa yana joto kama ya mtoto mwenye homa, na CRP, kile kipimo cha uvimbe kwenye damu, ilikuwa 46 wakati inatakiwa isizidi 5. Vyote viwili viko kwenye karatasi moja, na hakuna aliyeviunganisha.

Dokta bingwa wa hapa aliitandaza ile karatasi mezani, akazungushia duara kwenye 46, duara jingine kwenye 2.2, akavuta mstari kutoka moja hadi nyingine. Akaniambia mama, hii ya chini isikupe amani, imeshushwa na hii ya juu. Akanieleza taratibu bila kuangalia saa, kwamba mwili ukiwa kwenye uvimbe mkali unayavunja mafuta ya kwenye damu haraka kuliko kawaida kwa hiyo kipimo kinashuka, lakini mishipa ndo inazidi kuumia, kwa sababu kemikali zilezile zinazotafuna maungio zinachubua na ukuta wa ndani wa mishipa ya moyo, na palipochubuka ndo mafuta yanapata pa kushika. Na ile kolestro nzuri, HDL, ambayo kazi yake ni kuzoa mafuta kwenye mishipa na kuyarudisha kwenye ini, inakuwepo lakini haifanyi kazi sawasawa. Yaani mtu anaweza kuwa na kolestro ya chini na moyo wake uko hatarini kuliko jirani mwenye kolestro ya juu! Akasema hata EULAR, ule umoja wa Ulaya wa mambo ya baridi yabisi, unaelekeza kwamba mgonjwa wa rumatoidi akishapigiwa hesabu ya hatari ya moyo, jibu lizidishwe mara 1.5, maana hesabu za kawaida zinatuonyesha tuko salama kuliko tulivyo. Na mafuta yapimwe ugonjwa ukiwa umetulia, ndo utapata jibu la kuaminika.

Nikaanzishiwa methotreksati, dawa ya kutuliza huu ugonjwa wenyewe, hii inamezwa mara moja tu kwa wiki jamani, ukimeza kila siku ni sumu, na nesi alichukua makapeni akaandika JUMAMOSI kwa herufi kubwa juu ya boksi, foliki asidi, ile vitamini inayopunguza madhara yake, akaiandikia JUMAPILI, halafu akanifanya nimsomee kabla sijatoka. Diklofenaki, zile za maumivu nlizokuwa nanunua duka la dawa miaka yote, wakanisimamisha palepale kwa sababu nina presha na zile dawa zinauongezea moyo mzigo. Hapo nlishangaa sana, nani asiyezimeza mtaani kwetu?

Baada ya miezi 4 vidole vikaanza kukunja, CRP ikashuka hadi 6, lakini LDL ikapanda ikafika 3.1. Nliogopa jamani. Nikajua dawa ndo zimeniletea mafuta, nikaweka boksi pembeni Jumamosi ile sikumeza, Jumatatu nikapiga simu wakaniita siku hiyohiyo na hawakunitoza hela ya kumuona daktari. Dokta akasema uvimbe umezimika, mwili umeacha kuyaunguza mafuta, hii 3.1 ndo namba yako ya kweli tulikuwa tunaisubiri, na dawa usiache kwa sababu kutuliza ugonjwa wenyewe ni kuulinda moyo. Nafikiria wangapi wanaacha dawa kwa hofu kama yangu na hawana wa kumpigia, inaniuma kweli.

Wakanipiga na ultrasaundi ya mishipa ya shingo. Dada wa pale akageuza skrini nione mwenyewe, upande wa kushoto kuna kautando ka mafuta kameganda kama ukoko pembeni ya sufuria. Kwa hiyo nimeongezewa atovastatini, dawa ya kushusha kolestro, usiku, na presha inapimwa kila nikija, mkono ukiwa umetulia dakika 5 kwanza, sio ile ya kupimwa huku unahema umetoka kupanda ngazi.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu hizi. Methotreksati imekosekana dirishani kwao mara mbili nikazunguka mjini nzima na jua lile, na hii sio dawa ya kukosa kwenye kliniki ya viungo. Ultrasaundi bima yangu haikulipa na hakuna aliyenitahadharisha mapema, nimejua nikiwa kaunta. Na karatasi ya ushauri wa chakula imejaa siagi na jibini, mimi siagi nainunua lini, nauliza kuhusu mihogo ya kukaanga na mafuta yanayorudiwa siku tatu, na tui la nazi, karatasi haina hata neno. Ila mtu wa lishe nilipomuuliza alikaa na mimi akaigeuza karatasi nyuma akaniandikia kwa mkono, dagaa, maharage, mchicha, tui zito mara mojamoja sio kila siku, mihogo nichemshe. Ile ya nyuma ndo wangeichapisha.

Ukitaka kuja njoo Jumanne, bingwa anakaa mpaka saa 9 mchana, wahi kabla ya saa 2 asubuhi foleni haijakua. Na beba majibu yako yote ya zamani, hata yale uliyopewa hongera.