Saa ya mazoezi niliyomnunulia mwanangu, Luthuli Avenue

Kijana wangu ni mwanajeshi, hukimbia kila alfajiri. Jumamosi iliyopita nilishuka Luthuli Avenue, Nairobi, kumtafutia saa ya mazoezi, nikaipata ghorofani kwa shilingi 8,500.

Binti aliyenihudumia aliponisikia nikitaja kambi, alisita kuifunga. "Mzee, kabla hujalipa, tuzime kwanza pale inapotangaza alikokimbia." Tukakaa karibu nusu saa, wateja wengine wakingoja. Akaifanya akaunti ya faragha, akazuia ramani isitumwe, akaweka jina lisilo kamili la mwanangu.

Nilikuwa fundi wa redio jeshini miaka 22, na moyo wangu ulijaa shukrani. Binti yule alifanya kazi ya kitengo cha kuzuia ujasusi jeshini. Wengi hudhani kitengo hicho hushinda kikiwinda wasaliti. Wapelelezi wa kawaida hutafuta siri za adui. Hawa hulinda za kwao, na kazi yao kubwa ni mambo madogomadogo: kumchunguza anayekabidhiwa nyaraka za siri, na kumkumbusha askari asichoke kuchunga mdomo wake. Siku hizi na mkono wake pia, penye saa. Januari 2018 watu waligundua kuwa ramani ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, inaonyesha njia za wakimbiaji ziking'aa katikati ya jangwa, kumbe ni kambi za Marekani. Agosti mwaka huohuo Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, ikapiga marufuku vifaa vinavyoonyesha mahali askari alipo kwenye maeneo ya operesheni. Mwaka 2024 maofisa wa jeshi la anga la Ujerumani walirekodiwa wakijadili makombora ya Taurus kwa njia ya mtandao, mmoja wao akiwa hotelini Singapore. Kitengo chao cha kuzuia ujasusi, MAD, kilichopo tangu 1956, kikaingia kuchunguza. Hakuna aliyeruka ukuta wa kambi.

Saa yenyewe? Betri hudumu siku tano. Mkanda ni mgumu, unachubua. Risiti nilipewa, na waranti ya miezi sita.

Kilichoniudhi ni hiki: programu ilipojisasisha Jumatano, ile ramani ilijiwasha upya bila kuuliza. Nilipiga simu dukani, binti yuleyule akapokea, akatuelekeza hatua kwa hatua hadi ikazimika. Nyota nne. Ya tano ningempa yeye, si saa.